Mjerumani Aliyeingia Kaburini mwa Babu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka mkono unakwenda wenyewe kuziba mdomo. Ni siku mwanamke wa Kijerumani aliposhuka kaburini mwa babu yangu, mzima wa afya, akaketi kwenye udongo mbichi na kusema hatoki. Jeneza lilikuwa pembeni juu ya magogo. Mwinjilisti alikuwa ameshafungua Biblia. Baba yangu, mwenyekiti wa kijiji, mtu ambaye akikohoa tu mkutano mzima unanyamaza, alisimama pale midomo ikimcheza na neno halitoki. Na mimi, msichana mbichi wa kijiji, nilijishika kichwa kwa mikono yote miwili.

Usicheke kwanza. Juzi nimekuona umerudi nyumbani ukatupa viatu vyako vya mpira nyuma ya mlango, ukasema hapa mtaani Cheyo wasichana hampewi uwanja na wewe umechoka, mpira basi. Nilikuwa napeta mchele, nikaendelea kupeta. Lakini tangu hapo yule Mjerumani hanitoki kichwani, nikaona heri nikusimulie habari zake. Ukishasikia, ukitaka kuvitupa viatu vitupe, ila uwe unajua unatupa nini.

Miaka hiyo ilikuwa ya Ujamaa. Tulitolewa kwenye mashamba yetu yaliyotawanyika porini tukapangwa kando ya reli, kati ya mji huu wa Tabora na Usoke, nyumba kwa nyumba, mlango unatazama mlango. Tulilima tumbaku ya kijiji. Baba alichaguliwa mwenyekiti kwa sababu alijua kusoma na alijua kukaripia, na kusema kweli kukaripia alikujua zaidi. Katikati ya kijiji kulikuwa na ofisi, zahanati, na kiwanja cha mpira ambacho vijana walikisafisha kwa majembe mpaka kikawa hakina kisiki hata kimoja.

Kwenye zahanati akaletwa muuguzi kutoka Ujerumani, aliyekuja kujitolea. Jina lake Gerda. Sisi tulimwita Sista Gerda, maana kwetu muuguzi ni Sista hata kama hajawahi kuwa mtawa. Alikuwa mrefu, rika la mama zetu wadogo, nywele kazikata fupi, na goti lake la kulia lilikuwa na kovu refu lililomfanya auvute mguu kidogo. Watu walisema alianguka na pikipiki. Hakuna aliyemuuliza.

Jioni moja vijana walikuwa wanacheza, mpira ukaruka uzio wa zahanati. Sista Gerda alikuwa anatoka jikoni na sinia la sindano alizotoka kuzichemsha. Mimi nilikuwa kwenye foleni, nimembeba mdogo wangu mwenye homa. Nikaona mpira unamjia Sista usoni, nikapiga ukelele. Yeye hakupepesa hata kope. Aliupokea kifuani, ukashuka gotini, ukashuka mguuni, ukatulia. Kwenye sinia hakuna sindano iliyogonga mwenzake. Kisha akaupiga kwa mguu wa kushoto, ukapita juu ya uzio, juu ya vichwa vya vijana wote, ukamdondokea golikipa mikononi kule mwisho wa kiwanja. Sista akaingia ndani akaita, "Mgonjwa anayefuata!"

Mwanangu, foleni nzima ilisahau inaumwa wapi. Mzee mmoja aliyeletwa kwa machela alikuwa ameinuka ameketi. Mimi niliganda palepale na mdogo wangu mgongoni, nikijiuliza kama nimeona nilichokiona. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona mwanamke akigusa mpira kwa mguu, sembuse mzungu, sembuse muuguzi.

Kesho yake wasichana tulikuwa mlangoni kwake, tumetoka shambani, mikono bado inanata utomvu wa tumbaku. Hatukujua hata tuombe nini. Yeye alitutazama tu, akaufunga mlango wa zahanati, akasema, "Twendeni." Akawa anatufundisha kiwanjani jioni kabla vijana hawajafika. Kutuliza mpira, kumpa mwenzako, kukimbilia mahali ambapo mpira haujafika bado. Nilikuwa na mbio, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa na akili kuliko wa kulia, kama wake. Aliliona hilo siku ya kwanza. Nilimpenda mpaka nikawa naota namkabidhi mpira.

Baba alipopata habari, aliitisha mkutano. Nakuambia alisimama mbele ya watu wote, na mimi nimo, akasema, "Ndugu wananchi, kiwanja kile kimetengenezwa kwa ajili ya vijana. Msichana akirusha miguu namna ile anaharibu kizazi. Halafu haiba yake inapotea. Nani atakuja hapa kuposa timu?" Watu wakacheka. Akangoja wamalize. "Kuanzia leo sitaki kuona binti pale kiwanjani. Na wa kwangu akionekana, atakuwa mfano kwa wengine."

Nilidhani Sista Gerda atakwenda ofisini kupambana naye. Mzungu, nilijisemea, hataogopa. Hakwenda. Tulimkuta uani kwake anafua bendeji. Nikamwambia kwa hasira, "Sista, mweleze Baba. Kwenu Ulaya mwanamke si anacheza anavyotaka? Mweleze basi!"

Akaacha kufua. Akauliza, "Nani alikuambia?"

Hapo ndipo nilipopata mshtuko wa pili, na huu ulikuwa mkubwa kuliko wa sindano. Alituambia amezaliwa mji wa wachimba makaa ya mawe, baba yake mchimbaji, kaka zake wachimbaji, yeye akicheza nao mtaani mpaka akawashinda. Alipokuwa msichana, wanawake wa mji wao wakaunda timu. Basi chama cha mpira cha nchi yao kikakataza. Kikaviambia vilabu vyake vyote visiwape wanawake uwanja, na waamuzi wasiwachezeshee. Wao wakaenda kucheza kwenye majalala ya machimbo, juu ya mawe meusi makali, na hata huko polisi walikuja kuwafukuza. Wakikodi uwanja walikodi kwa kudanganya, wakisema ni wa mazoezi ya viungo. Watu walijaa kuwatazama, wengine wakiwazomea, wengine wakiwashangilia mpaka sauti zikawakauka. Alicheza hivyo ujana wake wote, winga wa kushoto. Siku moja akaanguka kwenye yale mawe, goti likapasuka. Daktari aliyemshona alimwambia ameyataka mwenyewe.

"Wakawakataza kwa sababu gani?" niliuliza.

"Walisema mpira unaharibu kizazi cha mwanamke," akasema Sista Gerda. "Na haiba yake inapotea."

Mwenzangu mmoja aliangusha kopo la sabuni. Mimi nilimkodolea macho. Maneno ni yaleyale! Baba yangu hajawahi kufika hata Dar es Salaam, hajawahi kusoma gazeti la Kijerumani, na wale mabwana wa Ulaya wenye tai hawajawahi kulisikia jina la kijiji chetu. Walikutana wapi wakapatana? Nakuambia kweli, mwanangu. Nilikuwa nimeamini kwamba ujinga huu ni wetu sisi, wa huku porini, na kwamba huko mbele kuna watu walishaumaliza.

"Wakaja kuwaruhusu?" tulimuuliza.

"Waliruhusu. Goti likiwa limeshakwisha." Akarudisha mikono majini. "Kila uwanja niliocheza niliuiba. Sijawahi hata mara moja kukanyaga uwanja ambao mtu amesema, haya, ingieni, ni wenu."

Akafua bendeji zake zote, akazianika. Kisha akatuambia muda wake wa kukaa nchini unaisha baada ya Saba Saba, na kabla hajaondoka angependa kutuona sisi tukicheza kwenye kile kiwanja, mara moja tu. Mimi maneno hayo niliyashika, na tangu siku hiyo nikawa sitaki kingine duniani ila hicho.

Basi tukahamia njia ya wapagazi. Wewe huijui, sasa imejengwa. Nyuma ya kijiji ilipita njia kuu ya zamani, ile ya misafara iliyotoka Pwani kuja Tabora na kuendelea mpaka Ujiji. Miguu ya watu iliishindilia miaka mingi hadi majani yakakataa kuota. Ilikuwa nyembamba na ngumu, ukianguka unaacha ngozi. Sista Gerda alipoiona aliguna, akasema inafanana na majalala ya kwao.

Njia ile ilikuwa na mwenyewe. Babu yangu, mzee Lugendo, baba yake Baba, alikuwa akiiita yake. Hata jina lake kwa lugha yetu ni safari. Alipelekwa Pwani na msafara akiwa mchanga, na baadaye ujanani, vita vya Mjerumani vilipokuja, walimkamata wakamtwika masanduku ya risasi. Shingo yake ilipinda upande mmoja tangu siku hizo. Alipotukuta pale na yule mzungu, tulijua tumekwisha.

Alimwendea na fimbo yake, akamsalimu kwa Kinyamwezi. "Mwangaluka, Mjerumani! Umerudi kunitwika mzigo mwingine?"

Sista Gerda akampigia goti lake zima kidogo, akamwambia, "Shikamoo, mzee. Mzigo upo, ila nasikia siku hizi wewe mwenyewe ndiye wa kubebwa."

Mama yangu! Nilifumba macho nikingoja fimbo imshukie. Nikasikia Babu anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, akakohoa, akacheka tena. Kisha akatangaza kwa sauti, kana kwamba kijiji chote kiko pale, "Huyu ni mtani wangu! Sisi Wanyamwezi tuligombana na Wazigua katika njia hii hii, wakatuibia tukawaibia, mwisho tukawa watani. Na Wajerumani nao walinipinda shingo. Basi ni watani. Mtu asimguse."

Wewe umekulia mjini, labda utani unaujua kwa kupigiana kelele tu. Kwetu ulikuwa jambo zito. Mtani anakutukana na humkasirikii. Anachukua kitu chako na humkatalii. Na siku ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kuwachekesha wanaolia, akikuigiza ulivyokuwa, na anaweza kuyazuia maziko yako mpaka apewe kitu. Ukimkasirikia mtani msibani, umeaibisha ukoo wako mzima. Sista Gerda alisema ameelewa. Sisi tulidhani anaitikia tu.

Baba alipolalamika kwamba sasa tunachezea njiani, nilikuwepo, nabandua ugali. Babu alimjibu akiwa anatia ugoro puani, bila hata kumtazama. "Mama yangu alinibeba mgongoni kutoka hapa mpaka Pwani, chungu kichwani, mkeka juu ya chungu. Sikuambiwa kama kuna mtu aliulizia kizazi chake. Mwanamke akibeba kuni mnanyamaza. Akipiga mpira ndipo mnakumbuka kwamba ana tumbo?"

"Baba, kijiji kina taratibu zake," akasema Baba.

"Kijiji ni chako. Njia ni yangu."

Hata hivyo, kiwanja Baba hakukitoa. Alikuwa ameshasema mbele ya watu, na Baba yangu neno lake akishalitoa mbele ya watu hakuwa na namna ya kulirudisha. Hicho ndicho kilikuwa kilema chake, kama ile shingo ya Babu.

Sasa nakuja kwenye viatu. Sista Gerda alikuwa na viatu vyake vya njumu, vya zamani, ngozi nyeusi iliyopasukapasuka, amevifunga kwenye kitambaa sandukuni. Katika vitu vyote vya ujana wake wa mpira, hivyo tu ndivyo alivyobaki navyo. Siku moja alivileta njiani atuonyeshe. Vilipita mkono kwa mkono, tukivigusa kama mtoto mchanga. Babu akatokea. Akavitwaa. "Vya mtani wangu!" akasema, akatumbukiza miguu yake mikavu ndani, bila soksi, bila kufunga kamba, akaondoka navyo akisaga ardhi kwa madaha kuelekea pombeni.

Nilimtazama Sista Gerda. Uso ulikuwa umemwisha damu. Alinyanyua mkono kama mtu anayetaka kuita, akaushusha. Nilishangaa nikakasirika hapohapo, nikamkaripia mtu mzima, "Kwa nini humnyang'anyi? Wanakunyang'anya uwanja unanyamaza, wanakunyang'anya viatu unanyamaza! Wewe ni mtu gani?"

Akakikunja kile kitambaa kitupu. "Ni mtani wangu," akasema. "Ngoja."

Sikulielewa neno hilo. Nililiona neno la woga, nikaenda nyumbani nimenuna. Babu alivaa vile viatu kila mahali, akaendea pombe, akaendea mizinga yake ya nyuki, watoto wakimfuata nyuma. Akikutana na Sista Gerda alinyanyua mguu mmoja amwonyeshe. Sista alimjibu kwa matusi mazuri, ya Kiswahili na machache ya Kinyamwezi aliyofundishwa na mtu mmoja wa reli. Kijiji kikazoea kucheka.

Baridi ya mwezi wa sita ikaingia kifuani mwa Babu. Sista Gerda alimuuguza nyumbani, asubuhi na jioni, wakitaniana mpaka sauti ya mzee ikawa haisikiki. Hakuinuka tena. Saba Saba ilikuwa imekaribia sana, na mimi katika kumlilia Babu nililia na kiwanja pia, kwa sababu mtu pekee aliyekuwa akitutetea mbele ya Baba alikuwa amekwenda.

Watu walijaa siku ya maziko, kutoka Usoke mpaka Itetemia. Mtani wetu Mzigua, Semboja, fundi wa reli, huyohuyo aliyemfundisha Sista matusi, ndiye aliyeanza. Alipinda shingo, akatembea kama Babu, akaomba ugoro kwa kila mwanamke, akalizuia jeneza mlangoni mpaka akapewa jogoo. Watu walilia huku wanacheka, kama inavyotakiwa. Tukafika kaburini. Semboja akasogea pembeni. Nikamwona anamgeukia Sista Gerda na kumpa ishara ya kichwa.

Sista akavua saa yake ya mkononi, akaniwekea kiganjani. Akashika ukingo wa kaburi, akaushusha ule mguu wake mbovu polepole, kisha mwingine, akatoweka. Tulisikia sauti yake tu ikitoka chini.

"Mzee huyu ni mtani wangu! Alichukua viatu vyangu, na sasa anataka kuondoka kimyakimya. Haondoki!"

Wanawake waliacha kuomboleza katikati ya sauti. Mwinjilisti aliifunga Biblia, akaifungua, akaifunga. Mimi nilijua kwetu mtani anaingia kaburini, nilishaona, lakini mzungu? Mwanamke? Mjerumani, ndani ya kaburi la mtu aliyebebeshwa risasi na Wajerumani? Nilitazama uso wa Baba nikaona unabadilika rangi.

Semboja ndiye aliyejibu. "Mtani kasema!" akapiga yowe. Na wazee wote wakaitikia, "Kasema!"

Baba akawageukia vijana. "Leteni viatu vyake hivyo, haraka."

"Sivitaki," sauti ikatoka chini. "Vimeshaonja miguu yake, ni vyake. Nataka fidia."

"Mpeni kuku."

"Sitaki kuku."

"Mbuzi, basi!"

"Mbuzi hachezi mpira, Mwenyekiti."

Kicheko kilipasuka, mwanangu, kicheko cha msiba, kile kinachouma mbavu kwa sababu umekizuia. Baba hakucheka. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuona anakopelekwa. Aliuliza taratibu sana, "Unataka nini, Sista? Jua linakwenda."

"Kiwanja. Wasichana wapate jioni zao, kama vijana wanavyopata zao. Leo na nikishaondoka."

Sijawahi kuona mtu akibanwa namna ile. Mshipa wa paji la uso ulimtoka. Akikasirika, amemkasirikia mtani juu ya kaburi la baba yake mzazi. Akikataa, maziko hayaendi. Aliangalia wazee, wazee wakaangalia miti. Aliangalia vijana, vijana wakaangalia chini. Kisha Bibi, mjane mwenyewe, aliyekuwa hajatamka neno tangu jana yake, akainua kichwa akasema, "Mwanangu, baba yako anangoja."

"Chukueni," akasema Baba kwa sauti ndogo.

"Wa nyuma hawajasikia, Mwenyekiti."

"Nimesema kiwanja ni cha wasichana pia!" Baba alinguruma mpaka sauti ikamkatika. "Sasa toka, nimzike baba yangu!" Na hapo akaangua kilio. Baba yangu, ambaye tangu nizaliwe sikuwahi kuliona chozi lake, alilia kwa kwikwi mbele ya watu wote. Sista Gerda alijaribu kutoka, goti likakataa. Vijana walisogea, lakini Baba aliwasukuma kando, akapiga magoti kwenye udongo, akamshika mikono yote miwili akamvuta juu. Wakabaki wameshikana hivyo, wamejaa vumbi, mmoja analia na mwingine anamwambia pole. Ndipo tukamzika Babu.

Jioni ile Bibi alivitoa viatu chini ya kitanda cha marehemu akamrudishia mwenyewe. Sista Gerda alisema cha mtani hakirudi, akavishika akanipa mimi. Vilikuwa vikubwa mno. Nilivijaza majani makavu ya tumbaku kwa mbele ili miguu isiogelee, na siku ya Saba Saba nilicheza nikiwa na kizunguzungu kwa ile harufu, nikatapika nyuma ya goli. Hilo nalo ulicheke, nakuruhusu.

Lakini siku ile kabla hatujaanza, kuna kitu nilikiona ambacho kilinishtua kuliko sindano, kuliko maneno ya Ulaya, kuliko hata kaburi. Kijiji kizima kilikuwa kimezunguka kiwanja, wengine wamekuja kutucheka. Sisi tulishaingia. Sista Gerda alikuwa mwamuzi, filimbi shingoni, mpira mkononi. Akafika kwenye ule mstari wa majivu tuliouchora, akasimama. Hakuingia. Akageuka akatazama upande wa barabara, kisha upande wa ofisi, kisha barabara tena. Mtu aliyeshuka kaburini bila kusita alikuwa anatetemeka mbele ya mstari wa majivu.

Nikarudi kumfuata. "Sista, unangoja nini?"

"Naangalia kama kuna mtu anakuja," akasema.

Nilielewa. Miaka yote ile, kila alipokanyaga uwanja, alikuwa akingoja polisi. Nikamwambia, "Hakuna anayekuja." Hakusogea. Basi sauti ikatoka nyuma yetu, nzito, ya kukohoa kwanza, nayo ilikuwa ya Baba. "Ingieni, Sista. Ni wenu."

Akavuka mstari. Akapiga filimbi huku machozi yanamtiririka mpaka filimbi ikatoa sauti ya maji. Wiki iliyofuata alipanda treni, na sikumwona tena.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukinyimwa kilicho haki yako, usikimbilie kutupa viatu nyuma ya mlango. Jifunze watu wanaokunyima. Jifunze mila zao, mizaha yao, wanachokiheshimu hata wakiwa na hasira, kwa maana mgeni yule alijifunza utani wetu vizuri kuliko sisi tuliozaliwa nao, akaukuta mlango wazi ambao sisi tulipita mbele yake kila siku. Na ukishaupata, usiombe la kwako peke yako. Yeye angeweza kuomba viatu vyake. Aliomba kiwanja ambacho mwenyewe hakuwa na goti la kukichezea.

Na liko la mwisho, ulishike hili kuliko yote. Siku moja wewe ndiye utakuwa mwenye uwanja. Utakuwa mkubwa mahali, na mtu atakuja kukuomba asimame palipo pake. Usingoje mpaka ashuke kaburini ndipo umwambie aingie.

Vile viatu vya njumu viko chini ya kitanda changu, ngozi imekwisha kabisa, lakini ukivinusa bado vina tumbaku. Kavitazame. Kisha uvitoe vya kwako nyuma ya mlango. Mungu akupe magoti mazima, mwanangu, akupe mguu wa kushoto wenye akili, na kila utakapofika kwenye mstari, akuwekee mtu wa kukuambia, ingia, ni wako.